Maziwa Ndani ya Damu ya Nkambo

Katika mtaa wetu wa Hewa Bora, Nkambo alijulikana kwa adabu. Nkambo ni mama wa mama yangu. Kwetu wazee wa namna hiyo, wa kike na wa kiume, wote tunawaita nkambo. Watu walisema hakuna mama anayejua kusalimia kama yeye. Akitoka nyumbani kwenda kanisani, alisimama kwa muuza makaa na kumwuliza habari za watoto wake, mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Alisimama tena kwa fundi wa baiskeli na kuuliza habari za mgongo wake. Halafu alisimama mbele ya ukuta wa nyumba moja isiyokaliwa na mtu, akaangalia maua kwa muda mrefu. Ukuta ule haukuwa na maua.

Mimi nilijua sababu, maana ndimi niliyemsindikiza kila Jumapili. Kila baada ya hatua kama mia, kitu kiliuma shavu la mguu wake wa kulia. Kitu hicho alikiita mbwa.

"Mbwa ameniuma," aliniambia kwa sauti ya chini, huku akimchekea muuza makaa.

Akisimama dakika mbili au tatu, mbwa aliachia. Akianza tena kutembea, hatua zilezile mia zikiisha, mbwa alirudi. Hakukosea hesabu hata siku moja. Mimi nilimaliza darasa la sita tu, na nadhani mbwa yule alihesabu vizuri kuliko mimi.

Ilikuwa siri yetu wawili. Nkambo ndiye aliyebeba bendera ya chama cha mama wa parokia yetu. Ni bendera ya buluu yenye picha ya Mama Maria, na mti wake ni mzito kama mlango. Kila mwaka, katikati ya mwezi wa nane, tunafanya maandamano kutoka kanisani mpaka kwenye groto, pango la Mama Maria lililo upande wa kuelekea Bel-Air, na anayebeba bendera hutangulia. Nkambo aliibeba tangu kabla sijazaliwa. Mume wake, mfanyakazi wa reli, alipokufa, Nkambo alibeba bendera ileile akiwa bado na nguo za matanga. Kama mama wenzake wangejua habari za mbwa, wangemwambia kwa upole apumzike, na bendera ingepata mikono mingine. Nkambo aliogopa upole huo kuliko mbwa mwenyewe.

Mikono mingine ilikuwapo tayari. Ilikuwa ya mama mmoja aliyetoka Kivu ya Kaskazini, muuzaji wa maharagwe ya jumla, mwenye mabega ya kuinua gunia. Sisi tulimwita Mama Maharagwe. Jumapili moja, mwanzo wa mwezi wa sita, alitukuta mbele ya ule ukuta.

"Mama mukubwa, munaangalia nini?"

"Maua," Nkambo akajibu.

Mama Maharagwe aliutazama ukuta kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. "Maua gani?"

"Itaota."

Mama Maharagwe hakucheka. Alimshika Nkambo bega na kusema, "Mama mukubwa, kama miguu inachoka, muniambie tu. Bendera, mie nitabeba."

Alisema kwa moyo mzuri kabisa. Nkambo hakulala usingizi wake wa mchana siku hiyo. Kesho yake asubuhi aliniambia nivae viatu, tunaenda hospitali.

Dokta alikuwa mwanamke bado kijana, mwenye kusema mbio. Alimsikiliza Nkambo habari za mbwa mpaka mwisho, wala hakuona ajabu. Alimvua viatu, akamshika miguu juu ya unyayo kwa vidole viwili, akitafuta mapigo ya damu. Kwenye mguu wa kushoto aliyapata upesi. Kwenye mguu wa kulia alitafuta sana, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko uliotoboka. Halafu aliandika karatasi, na kabla hatujasimama akasema:

"Mama, kesho asubui mukuye à jeun. Batatoa damu."

Nje, kwenye baraza, Nkambo alinivuta mkono. "Alisema nini mu mwisho?"

"Alisema mukuye na jeune."

Mukuye kwetu ni mje. Jeune ni neno la Kifaransa, maana yake kijana, na hapa Lubumbashi sote tunalitumia. Ili kuwa na hakika, niliangalia karatasi. Mimi ndiye msomaji wa karatasi nyumbani kwetu, kwa sababu nasoma polepole, na anayesoma polepole watu hudhani anasoma vizuri. Iliandikwa pale: *à jeun*. Niliona kwamba herufi ya mwisho imekosekana. Nilifikiri dokta ana wagonjwa wengi, hana muda wa kumaliza maneno. Nilimsamehe.

Nkambo hakushangaa hata kidogo. Kwetu hospitali wakitaka damu, mara nyingi wanaita ndugu wa mgonjwa aje atoe yake. "Njo hivi," alisema, yaani ndivyo hivyo. "Damu ya muzee peke yake itabaonyesha nini? Banataka ya mutoto pembeni, baangalie yote mbili. Na jeune ya hii nyumba njo weye."

Sipendi sindano. Lakini pia sipendi kusema sipendi.

Sasa lazima niseme habari za kopo. Nkambo alikuwa na kopo moja kubwa, zamani lilikuwa la maziwa ya unga, picha ya ng'ombe ilikuwa bado inaonekana ubavuni. Ndani yake aliweka mafuta ya nguruwe. Kila alipokaanga nyama ya nguruwe na ngozi yake, mafuta yaliyotoka hakuyamwaga. Aliyachuja na kuyarudisha ndani ya kopo. Mafuta hayo yalikaanga samaki wadogo wa kapenta, yakakaanga mayai, yakaingia ndani ya sombe, majani yetu ya muhogo, yakapakwa juu ya bukari, ugali wetu, iliyolala. Kopo halikuisha kamwe. Mama yangu alisema ndani yake mna mafuta ya nguruwe aliyekufa yeye akiwa bado msichana. Nkambo alijibu kwamba ndiyo maana yana ladha.

Asubuhi ile ya labo, yaani maabara ya hospitali, kulikuwa na baridi, baridi ya mwezi wa sita ambayo watu wa mbali hawaamini kwamba tunayo. Nkambo aliwasha mbabula, lile jiko letu la makaa, akachota mafuta kwa kijiko kikubwa, akaanza kunipikia. Alikaanga nyama ya nguruwe ya ngozi, akakaanga mayai matatu, akakata bukari ya jana vipande na kuvikaanga pia mpaka vikawa na ganda.

"Kula, bwana yangu," alisema. Kwetu nkambo anamwita mjukuu wake wa kiume bwana, maana yake mume, na mjukuu hana ruhusa ya kuona haya. Mimi niliona haya kila mara. "Kula. Leo banakutoa damu. Sitaki banipatie bwana wa kuanguka."

Nilikula. Yeye naye alikula, sahani sawasawa na yangu. Alisema ni juu ya kunisindikiza.

Bwana wa labo alikuwa na watu wengi kwenye benchi. Tulipofika mbele yake hakuinua kichwa.

"À jeun?"

"Ndiyo," Nkambo akajibu, akanisukuma mbele. "Huyu hapa."

Bwana wa labo alisikia "ndiyo", mengine hakuyasikia. Alimkalisha Nkambo, akamfunga mpira mkononi, akavuta damu yake. Nkambo alimtazama kwa mashaka.

"Na huyu?" aliuliza, akinionyesha.

"Huyu hana karatasi. Mukae pale, mungojee."

Mimi nilifurahi kabisa. Nkambo alikasirika. Tulikaa kwenye benchi naye akinung'unika, "Ngulube yote ile nilikupa bure." Ngulube ni nguruwe.

Baada ya muda mlango ulifunguliwa. Bwana wa labo alitoka akiwa ameshika kichupa kidogo cha kioo mbele ya uso wake. Baadaye alinieleza kwamba damu ikizungushwa ndani ya mashine, inagawanyika: chini wekundu, juu maji ya njano yanayopitisha mwanga, kama chai nyepesi. Ndani ya kichupa kile, chini kulikuwa na wekundu. Juu kulikuwa na kitu cheupe. Si cheupe kidogo.

"Nani mwenye hii damu?" aliuliza.

Nkambo aliinua kidole kama mtoto wa shule.

"Mama, mulikunywa maziwa?"

"Maziwa?" Nkambo aliwaza. "Mie nilizaa batoto saba. Kama ilibaki kidogo, sijue."

Benchi lote lilicheka. Bwana wa labo hakucheka bado.

"Mulikula nini leo asubui?"

"Ngulube."

"Ngulube? À jeun?"

"Njo juu ya jeune!" Nkambo alinishika mkono na kuuinua, watu wote wakaniona. "Mulisema tukuye na jeune. Basi nilimupikia, akuwe na damu mingi. Nikamusindikiza mu kula. Ni mubaya?"

Bwana wa labo aliniangalia mimi, akaangalia kichupa, halafu akaegemea mlango. Alicheka mpaka akampa mwenzake kichupa akishike, asije akakiangusha. Alipopata pumzi alisema, "Mama, à jeun ni kusema bila kula. Tumbo tupu. Kifaransa njo kinasema vile."

Benchi lilicheka upya. Nkambo alinigeukia polepole.

"Weye njo ulisoma karatasi."

"Ndiyo, Nkambo."

"Darasa la sita."

"Ndiyo, Nkambo."

Nilitamani kuingia ndani ya kichupa. Lakini Nkambo hakuwa mtu wa kumwacha mjukuu wake achekwe peke yake. Alimgeukia bwana wa labo. "Na mweye, juu ya nini hamusemi kufunga? Mie ni mukristo. Kufunga nilianza mbele weye uzaliwe!"

Bwana wa labo alikubali kosa. Alituambia turudi baada ya siku mbili, tukiwa tumefunga kikristo tangu jioni, na kichupa akakipeleka kwa dokta. Dokta alituita.

Aliweka kichupa mezani, mbele ya Nkambo, wala hakumgombeza. Alisema kipimo kimeharibika lakini macho yamefaidi. "Hiki cheupe ni mafuta ya asubui, mama. Kutoka sahani, mpaka tumbo, mpaka damu. Itatembea hivi saa mingi, mpaka mwili uyatoe."

Alieleza polepole sasa, na mimi nilishika maneno yake kwa sababu niliogopa kuulizwa nyumbani. Mtu akila mafuta mengi hivyo, kwa saa kadhaa mishipa yenyewe inakuwa mivivu, haifunguki vizuri damu inapotaka kupita. Mara moja si kitu. Lakini mtu akila hivyo asubuhi, akala hivyo jioni, miaka na miaka, mafuta mabaya yanaingia ndani ya ukuta wa mshipa na kukaa, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Mguu uliokaa hauombi damu nyingi. Mguu unaotembea unaomba. Njia ikiwa nyembamba, mguu haupati, unalia.

"Kumbe mbwa ni njaa," Nkambo alisema.

"Ni njaa ya mguu, mama. Na mushukuru huo mguu. Unasema mapema. Moyo pia uko na mishipa, lakini moyo, siku ingine, hausemi mapema."

Hapo Nkambo hakutania. Aliuliza jambo moja tu: kama miezi miwili inatosha ili atembee kutoka kanisa mpaka groto na bendera. Dokta alisema hawezi kuahidi. Angempa vidonge vya kila siku. Mafuta ya kopo yaishe. Na kila siku atembee mpaka mbwa aume, asimame, halafu atembee tena. Kwa sababu mguu ukiombwa hivyo kila siku, damu inajitafutia vijia vingine pembeni.

Tulipokuwa tunatoka dokta aliniita. "Na weye, jeune. Ulikula sahani ngapi?"

"Moja," nilisema.

"Yako inaanza vilevile. Mishipa haijue kama uko jeune."

Siku ya pili ya labo tulienda tumbo tupu kweli. Nkambo alilazimisha na mimi nifunge, ijapokuwa hakuna aliyetaka damu yangu. Safari hii maji ya juu yalikuwa ya njano, na bwana wa labo alikionyesha kichupa kwenye benchi kama mwenye kuku wa kushinda. Lakini karatasi ilipotoka, dokta alisema mafuta mabaya bado ni mengi. Maziwa yalikuwa ya asubuhi moja. Haya mengine yalikuwa ya maisha.

Nyumbani mama yangu alisikiliza, akainuka, akasema kopo litoke leo. Nkambo alilishika mwenyewe, akalipeleka nyuma ya nyumba, akarudi mikono mitupu na uso wa mtu aliyetoka makaburini. Tulimpa pole. Mama yangu alinunua mafuta ya chupa, akayapima kwa kijiko kidogo, na sombe ikawa na ladha ya majani. Nkambo alikula bila neno. Unyenyekevu ule ulipaswa kutufumbua macho.

Karibu wiki moja baadaye, mama yangu alikuwa ameenda sokoni, nilisikia harufu. Nkambo alikuwa ameinama juu ya mbabula, akipigana na kitu. Lilikuwa kopo, lenye picha ya ng'ombe. Lilikuwa limelala siku zote zile ndani ya sanduku lake, limefunikwa na nguo zake za kanisa. Kwa baridi ile mafuta yalikuwa yameganda kama mshumaa, na kijiko kikubwa kilichobaki ndani kilikataa kutoka. Alikivuta, kopo zima likainuka pamoja nacho.

"Nisaidie, bwana yangu."

Sikusogea. Nilikuwa naangalia kile kijiko kilichosimama. Nilisema, "Nkambo, hii njo iko mu mishipa."

Haikuwa kweli kabisa. Dokta alikuwa amesema damu ni ya moto, haigandi hivyo. Mafuta yanaingia ukutani taratibu, mtu haoni. Lakini sikupata maneno mengine.

"Si ya mie," Nkambo alisema haraka. "Ni ya weye. Ulikonda. Nilisema nikupikie, jeune, kidogo. Mie nitakusindikiza tu."

Nilitazama nyama kwenye kikaango. Katika maisha yangu sikuwahi kukataa sahani ya Nkambo, wala kukataa kitu kwa mtu mzima yeyote.

"Jeune hatakula," nilisema.

"Namna gani?"

"Jeune iko à jeun."

Nilidhani atanipiga na kile kijiko, ila kilikuwa bado kimeshikwa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda, akijipangusa macho na ncha ya kitenge, akisema, "Anaona haya ya kusalimia bantu, lakini kumukatalia bibi yake, hapana haya!" Bibi kwetu ni mke.

Kopo lilitoka siku hiyo kweli. Mafuta yalienda kwa fundi wa baiskeli, akayatumia kwa minyororo. Nkambo kila akipita pale aliuliza habari za baiskeli kwa huzuni.

Tukaanza kutembea. Tulitembea asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, kufuata nguzo za umeme za barabara yetu. Mwanzoni mbwa aliuma kabla ya nguzo ya pili. Tulisimama, tukasalimia, tukaendelea. Watu walituzoea. Mvulana mmoja wa mtaa aliita kila siku, "Nkambo na bwana yake!" na mimi niliangalia chini, na Nkambo alijibu, "Wivu!" Mwisho wa mwezi wa sita alifika nguzo ya tatu bila kuumwa. Katikati ya mwezi wa saba, nguzo ya nne. Siku moja alifika ya tano, akasimama pale bila maumivu, akiwa na hasira kidogo. "Mbwa alisahau," alisema. Alimngoja dakika nzima kabla ya kuamini.

Kutoka kanisa mpaka groto nilikwenda kuhesabu peke yangu. Nguzo kumi na nne.

Na hizo tano zilikuwa za mikono mitupu. Kwa hiyo alichukua mpini wa jembe, akafunga juu yake blanketi nzito, tukatembea nao. Watu wakauliza. Alijibu kwamba anaanika blanketi. Pamoja na blanketi, nguzo zilikuwa nne tu. Nkambo alipiga hesabu yake pale barabarani. Nne, apumzike, nne, apumzike, nne, apumzike, mbili, afike. Mara tatu. Na bendera haisimami yenyewe bila watu kuuliza.

"Wimbo," alisema.

Kuna wimbo mmoja wa Mama Maria ambao katika parokia yetu hauimbwi mkitembea. Ukianzishwa, wote wanasimama mahali walipo mpaka uishe, hata padri. Una mashairi matatu marefu. Nkambo ndiye mwanzishaji wa nyimbo wa chama, kwa hiyo hakuna ambaye angemwuliza kitu. Nilimwuliza kama si kumdanganya Mama Maria. Alisema Mama Maria alikuwa mwanamke, anajua habari za miguu.

Siku ya sikukuu mama wote walivaa kitenge cha namna moja, cha buluu. Mimi nilivaa shati jeupe na nilitaka kutembea nyuma kabisa, pamoja na wanaume. Nkambo alinishika mkono na kuniweka pembeni yake, mbele, kwenye mstari wa mama. Mama Maharagwe alishangaa.

"Mama mukubwa, huyu kijana anafanya nini mu mustari ya bamama?"

"Docteur alisema nikuye na jeune."

"Docteur?"

"Iko ku karatasi."

Tulitoka. Nguzo ya nne, Nkambo alisimika mti wa bendera chini, akaanzisha wimbo. Maandamano yote yakasimama, mstari mrefu mpaka kona. Mashairi matatu. Tukaenda. Nguzo ya nane, wimbo uleule. Watu walitazamana kidogo, lakini waliimba. Jua lilikuwa limepanda na upepo wa kiangazi ulivuta bendera, na niliona Nkambo anaivuta nayo. Baada ya nguzo ya kumi alianza kuinua mguu wa kulia kama anaupandisha ngazi. Hakufika ya kumi na mbili. Mbwa alimkamata katikati.

Alisimika mti chini. Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Pumzi yote ilikuwa imeenda kwenye bendera.

Mama walio nyuma walikaribia kutugonga. Mama Maharagwe alikuwa amefika ubavuni mwetu, na niliona mkono wake umeshanyooshwa kuelekea mti, kwa upole ule ule. Nkambo alinitazama. Mikono yake miwili ilikaza mti wa bendera.

Nilianzisha wimbo.

Sijui nilitoa wapi sauti ile. Nilianza juu sana, mahali ambapo mwanaume hana kazi, na neno la kwanza nililiimba peke yangu mbele ya parokia nzima. La pili pia nililiimba peke yangu. Kwenye la tatu Mama Maharagwe alirudisha mkono, akausimamisha kifuani, akaingia, na baada yake wote. Waliimba kama watu wanaochungulia juu ya ukuta. Shairi la kwanza, la pili, la tatu. Nkambo alikuwa amefumba macho. Watoto wa kwaya walidhani anasali, na labda alikuwa anasali. Mwishoni kabisa alininong'oneza bila kufumbua:

"Jeune. Ulianza juu sana."

Halafu aliinua bendera, akatembea nguzo zilizobaki, akaisimika mbele ya groto kwa mikono yake.

"Mwaka huu tulisimama sana kusali, mama mukubwa," Mama Maharagwe alisema, akipangusa jasho.

"Mwaka huu tuko na shida mingi."

Mama Maharagwe aliangalia mguu wa Nkambo, akaniangalia mimi. Nadhani alielewa yote. Alisema tu, "Basi mwaka kesho mufundishe jeune kuanzia chini kidogo."

Baada ya misa pale kwenye groto kulikuwa na chakula uani. Vyungu vya nyama ya nguruwe ya kukaanga vilikuwa vinalia, na mbeba bendera hupewa sahani ya kwanza. Walimletea imejaa, ngozi juu, inang'aa. Nkambo aliitazama kama mtu anayesoma barua ya ndugu wa zamani. Halafu aliirudisha.

"Aksanti. Mie niko à jeun."

Mimi nilijua kwamba alikuwa amekunywa chai na mkate, na kwamba mkono wake mwingine ulikuwa tayari umeshika kiazi kitamu cha kuchemsha. Sahani ile aliisukuma kwangu.

"Jeune ale. Aliimba."

Nilikula kipande kimoja. Cha pili nilikiangalia kwa muda mrefu, kama Nkambo alivyokuwa anaangalia maua ya ule ukuta.